Ukivuta Pumzi, Zamu Imekwenda

Kijiwe cha Mzee Ausi kilikuwa kona ya pili kutoka stendi ya Mbinga: benchi moja linaloyumba, jiko la mkaa, birika, na vikombe visivyotosha. Sheria yake ilikuwa moja tu, ukivuta pumzi, zamu yako ya kusema imekwenda. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia na mizani zao, mitumba ilijaa barabarani, na kila mtu alikuwa na la kusema juu ya kila kitu. Mwalimu Mansuetus alikuwa amekaa hapo tangu saa tatu asubuhi, akisubiri gari la kutoka Liuli, kando ya ziwa, na mtu asiyemjua kwa sura. Binti mmoja wa darasa lake la nne, Bonifasia, alikuwa na kigugumizi, na baba yake alikuwa anapanda kutoka ziwani siku hiyo kuja kumwachisha shule, maana shangazi anayekaa naye mjini amechoka kumwona akirudi analia. Kwa kosa alilolijutia papo hapo, Mansuetus akawasimulia wenzake.

— Ticha, jambo dogo hilo, alisema Florian, muuza mitumba waliyemwita Mnada kwa ajili ya sauti yake. Mtoto akatwe kilimi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Kilimi kinahusiana nini na kigugumizi? Mtamuumiza mtoto wa watu bure!

— Basi ni ulimi. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana unateleza. Ale mifupa ya samaki, ukae sawa.

Methodi akasogeza kikombe. Huyu alikuwa karani wa ushirika kabla mambo hayajageuka, na tangu akose kazi walimwita Redio.

— Acheni ushamba. Kigugumizi kimeletwa na soko huria. Zamani maneno yalikuwa machache: jembe, kahawa, ushirika. Siku hizi mtoto anaamka, anakuta ubinafsishaji mlangoni. Koo litapitisha wapi mzigo kama huo?

— Redio, yule mtoto ana kigugumizi tangu ana miaka mitatu!

— Si ndiyo hapo! Kilishajua kinachokuja. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Ashtuliwe, Mnada akadakia. Mtu apige debe nyuma yake, puu! Maneno yote yatoke kwa mpigo.

— Wala msihangaike, alisema Redio. Wapo wanaonunua kahawa, wapo wanaonunua vyuma chakavu. Atatokea wa kununua kigugumizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mansuetus alihisi kichwa kinamgonga. Semina ya wiki mbili Songea juu ya watoto wenye shida ya kusema, kisha mwaka mzima wa kubaki na watoto sita katika stoo ya majembe kila baada ya vipindi, huku mwalimu mkuu akimuuliza kazi hiyo imo katika muhtasari upi. Shukrani yake ndiyo hii, apigiwe mtoto debe!

— Nisikilizeni nyie! Akiimba hakwami. Akisoma na mwenzake, wawili kwa pamoja, hakwami. Juzi wamesoma hivyo ukurasa mzima, kwa macho yangu! Mimi sihitaji debe. Ninahitaji watu wamtazame, wamsubiri, wasimmalizie neno. Kufunga mdomo tu, watu wazima kunawashin...

— Haraka haraka haina baraka, alimkatiza Mnada.

Hapo akafika mtu mmoja mrefu, kapu la usipa, dagaa wa ziwani, mkononi, vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi. Akamwamkia Mzee Ausi shikamoo, kisha akawageukia wengine.

— Na-na-nata...

— Gari la Songea! alisema Mnada. Limeshajaa, ngoja la mchana.

Mgeni akatikisa kichwa. — Na-natafuta m...

— Mnunuzi wa usipa huyo, alisema Redio. Teremka sokoni, kaka.

Mgeni akafungua mdomo tena, shingo ikamsimama mishipa. Mansuetus alikuwa bado na hasira, na alitaka jambo hili liishe ili arudi kwenye hoja yake.

— Unatafuta pa kulala? Nyumba ya wageni ile pale, yenye mlango wa kijani.

Mzee Ausi, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akatua birika kwa kishindo.

— Ticha! Na wewe?

Aibu ilimpanda Mansuetus mpaka masikioni. Wote wakanyamaza, Mnada akiwa ameuma mdomo wa chini kama anayetolewa mwiba.

— Na-namtafuta mwalimu wa Bo-Bo-Bonifasia. Mimi ni baba yake. I-Ignatio.

Mansuetus akasimama, akampisha kwenye benchi.

— Ni mimi, baba Bonifasia. Nisamehe sana.

Ignatio akakaa. Akapewa kahawa, naye hakuinywa.

— Mchukue mtoto, pole yake, alianza Mnada.

— Amwache! alisema Redio. Elimu ni...

Ignatio akainua mkono. Safari hii wakamwachia.

— Da-dada yangu ameandika nimchukue. Wewe umeandika a-abaki. Hawa ndugu nao wana yao. Akapumzika, na hakuna aliyeichukua zamu yake. — Ye-yeye mwenyewe a-a-anasemaje?

Mansuetus alikuwa na daftari zima juu ya mtoto yule: sauti anazokwamia, sekunde anazovuta pumzi, siku alizolia. Hilo moja halikuwamo.

— Sijui, alisema. Sijamuuliza.

— Sha-shangazi yake?

— Nadhani naye hajamuuliza. Ni... jibu lake huchukua muda.

Ignatio akarudisha kikombe kwa Mzee Ausi, akaokota kapu lake.

— Twende tukamuulize, mwalimu. Ga-gari la kurudi ziwani ni kesho.