Mtaala wa Wamae na Kazi Thelathini na Nane

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu asubuhi hii. Tunamkumbuka Bwana Wamae Mathenge wa Mathira, mwalimu wa kazi za mafuta na gesi. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na mmoja. Nitajaribu kuzungumza kwa upole, lakini nawaambia mapema, maisha ya mtu huyu yanakera, na si yeye aliyeyafanya yakere.

Wamae alianza kazi katika bohari ya mafuta kule Nanyuki. Alikaa hapo miaka kumi na mitano. Alipakua petroli, akajaza mitungi ya gesi, akatengeneza pampu. Mwaka wa sabini na tatu, chuo kimoja cha ufundi cha Nyeri kilimwajiri afundishe vijana kazi hiyo hiyo. Akakabidhiwa mtaala wa kurasa mia mbili na kumi na nne. Sura nne za kwanza zilieleza jinsi mafuta yalivyotokea chini ya bahari, mamilioni ya miaka iliyopita. Mkewe, Mama Kabura, ananiambia kwamba Wamae aliupekua wote akitafuta ukurasa mmoja unaoonyesha namna ya kufunga valvu. Hakuupata.

Akafundisha kama ulivyoandikwa. Angefanya nini? Mwanafunzi wake bora mwaka huo alikuwa Kahiga. Kahiga alipata alama tisini na moja kwa mia, akaajiriwa na kituo cha petroli karibu na Karatina. Wiki ya pili, lori la mafuta likaja kupakua. Petroli ikipita kwenye mpira huzaa umeme, na ndiyo sababu lori huunganishwa na ardhi kwa waya kabla ya jambo lingine lolote. Siku hiyo waya haukuunganishwa. Cheche moja ikatosha. Kahiga aliungua mikono yote miwili.

Wamae alikwenda hospitalini akijiandaa kulaumiwa. Kahiga hakumlaumu. Alimwambia, "Mwalimu, hiyo swali ya waya ilikuwa kwa mtihani, na nilipata. Lakini sikujua waya yenyewe inashikishwa wapi."

Narudia, wasikilizaji. Kijana alijua jibu. Kazi hakuijua.

Mama Kabura anasema mumewe alirudi nyumbani na hakugusa chakula. Jumamosi iliyofuata alipanda kwenda Nanyuki kumtafuta Isse, dereva wa lori la mafuta aliyefanya kazi naye bohari. Alimwomba amweleze, hatua kwa hatua, anachofanya tangu anapofika kituoni mpaka anapoondoka. Isse alicheka, akamuuliza kama amesahau. Wamae akamjibu kwamba hajasahau, ila anataka kuandika yale ambayo mikono hufanya bila kusema. Aliwauliza wengine pia, miezi minane, akiandika katika daftari za shule. Zikapatikana kazi thelathini na nane. Kuunganisha waya. Kupima tangi. Kutafuta gesi inayovuja kwa povu la sabuni. Kila kazi, mwanafunzi aifanye mara tatu mbele ya macho ya mwalimu bila kukosea. Akikosea, haandikiwi ameanguka. Anaandikiwa "bado", na kesho anajaribu tena.

Huo ndio mtaala wa umilisi, wasikilizaji. Mtu apimwe kwa anachoweza kufanya. Ni jambo gumu kuelewa?

Kwa wakubwa wa elimu kule Nairobi lilikuwa gumu sana. Wamae alipeleka mtaala wake mara saba kwa miaka minane. Mara ya kwanza aliambiwa auchape kwa mashine. Mara ya pili faili ilipotea. Mara ya tatu ilipatikana, lakini ofisa alikuwa amehamishwa. Mara ya nne ofisa mpya aliusoma wote, akauliza, "Bwana Mathenge, sasa hapa nani atakuwa wa kwanza darasani?" Wamae alieleza kwamba wote wanatakiwa waweze, wa kwanza na wa mwisho. Ofisa alisikitika kweli kweli. Mtaala usio na wa kwanza, alisema, hauwezi kupita.

Basi Wamae akafundisha mitaala miwili. Asubuhi ule wa wakubwa, mchana ule wake. Wakaguzi walipogundua, walimwandikia barua ya onyo.

Mwaka wa themanini na tatu, mtungi mkubwa wa gesi ulipasuka shingo katika soko la Karatina, hatua chache kutoka kwa majiko ya wauza chakula. Karibu nao alikuwa Watiri, mwanafunzi wa Wamae aliyeanguka mtihani wa maandishi mara mbili, na kwa hiyo hakuwa na cheti. Watiri hakukimbia. Aliwaamuru akina mama wazime majiko kwa udongo, wakamtukana kwa ajili ya githeri yao, mahindi na maharagwe yaliyokuwa hayajaiva, lakini wakazima. Akaondoa watu upande ambao upepo ulikuwa unaelekea, akazuia malori, na mtungi ukajimaliza wenyewe polepole. Hakuna aliyeungua. Nilipomuuliza kama aliogopa, alisema, "Niliogopa, lakini mikono ilikuwa inajua."

Baada ya hapo, wakubwa walikuja Nyeri kwa magari matatu. Mtaala wa Wamae ukapitishwa. Ukachapishwa kwa jalada zuri na majina ya wanakamati kumi na mmoja. Jina lake halimo. Na mwishoni waliongeza mtihani wa maandishi wa saa tatu, wenye alama, ili apatikane wa kwanza. Mama Kabura anasema siku hiyo Wamae alikaa uani mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Angalau kazi zote ziko. Hawakutoa hata moja."

Kwa Mama Kabura na watoto, kwa wote waliopitia mikononi mwake, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mtafakari haya. Juzi nilipiga simu katika chuo kimoja cha ufundi, nikaomba niuone mtaala huo ili niwasomee kidogo leo. Nikaambiwa upo, umetunzwa vizuri kabatini, ila mwenye ufunguo yuko likizo. Nikauliza walimu wanafundishia nini sasa. Nikaambiwa, ule wa zamani.

Ewe mwenye ufunguo, popote ulipo, kama unanisikia, rudi ufungue.