Mama Penseli na Chumba cha Bibi

Mama Penseli amefanya kazi nasi miaka thelathini na mmoja, na tangu apewe kazi ya kupanga kebo, kampuni yetu haijatoboa ukuta wa nyumba ya mtu kabla hajaipitia chumba kwa chumba. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, anastaafu, na karakana nzima haikaliki!

Alianza kwa kuvuta waya za simu, akitambaa darini na kushuka mweupe kwa vumbi. Intaneti ilipoingia majumbani, alikuwa wa kwanza kwetu kusomea kebo za mtandao, kisha akawa mpangaji mkuu wa njia za kebo. Jina lilitokana na penseli anayoichomeka kwenye kilemba. Siku moja aliisaka saa nzima, akituhoji mmoja mmoja, nasi tukamwangalia tu, mbavu zikituuma kwa kicheko.

Lakini kazi tunayoisimulia zaidi ni ya nyumba ya fundi cherehani mmoja. Mama huyo alitaka kebo sehemu mbili tu: chumba cha kushonea na cha watoto. Sebuleni, alisema, waifai ingetosha. Mafundi wa plasta walikwisha koroga saruji.

Mama Penseli akauliza kuhusu chumba cha nyuma.

“Hicho cha mama mkwe,” akajibiwa. “Yeye mtandao wa nini?”

Hakubishana. Aliingia, akamwamkia bibi, akaketi naye. Kumbe binti kitinda mimba wa bibi anaishi ng'ambo, na kila wakipigiana simu ya video sura inaganda.

“Naongea na picha, mwanangu,” bibi alisema.

Mama Penseli alitoka mbio. Akasimamisha plasta, msimamizi wa ujenzi akafoka weee mpaka akachoka, naye akachora njia mpya ya kebo, mbali na nyaya za umeme. Kufikia adhuhuri bomba la kebo lilikuwa limezama ukutani.

Miezi mitano baadaye binti yule akafunga ndoa huko huko ng'ambo. Jamaa walijaa sebuleni na simu zao, waifai ikaelemewa, na fundi cherehani akabaki kumkodolea macho wifi yake aliyeganda mdomo wazi. Chumbani kwa bibi picha ilitiririka kama maji! Nyumba nzima ikahamia huko: wajomba kitandani, watoto sakafuni, fundi cherehani mlangoni akichungulia juu ya vichwa. Bibi akamwita bintiye kwa jina la utotoni. Bi harusi aligeuka papo hapo, akampungia mkono, wote wawili machozi yakiwatoka.

Kesho yake fundi cherehani alikuja ofisini kuomba kebo ya sebuleni. Ilibidi tutoboe ukuta uliokwisha pakwa rangi, na Mama Penseli hakumsimanga hata kwa neno moja.

Tangu hapo fomu yetu ya upimaji humtaka mpangaji wa kebo azungumze na kila anayelala nyumbani humo. Mafundi kumi na tisa aliowafundisha hawathubutu kuruka swali hilo.

Mama Penseli, asante kwa jasho, ukali na utani wako. Nenda kapumzike na mumeo, mzee wetu, nyumbani. Tunakuombea afya tele, usingizi mtamu na miaka mingi ya raha.