Kadi ya Uso Mwekundu

HEYSEL: Haloo? Nani mwenzangu?

ONDINA: Mwalimu Ondina. Wa Kiingereza.

HEYSEL: Shikamoo, mwalimu.

ONDINA: Marahaba, mwanangu. Wiki mbili hatukuoni, Heysel. Kulikoni?

HEYSEL: Tumbo tu.

ONDINA: Jana nilimkuta mama yako sokoni akiuza baleada zake, zile chapati za maharage. Akanipa pole ya mgomo.

HEYSEL: Mwalimu—

ONDINA: Mgomo gani? Si tuliumaliza Mei?

HEYSEL: Nilimwambia mmegoma tena. Nyie kila siku mko kwenye mgomo. Aliamini palepale.

ONDINA: (anacheka kidogo) Haya, hapo umenipata. Ila sikumwambia kitu. Nilinunua zangu mbili nikaondoka. Uko peke yako?

HEYSEL: Mama yuko kanisani. Unakatika, mwalimu.

ONDINA: Ngoja nisogee dirishani. (mikwaruzo) Sasa je?

HEYSEL: Sasa nakupata.

ONDINA: Nilikuwa najumlisha alama za ule mchezo wa kadi za hisia. Kundi lenu lilipata pointi mbili kupitia kwako. Uliokota kadi ya uso mwekundu.

HEYSEL: Sikumbuki.

ONDINA: Unakumbuka. Uliikodolea macho weee, mpaka wenzako wakakuzomea. Ndipo ukasema, "I am embarrassed."

HEYSEL: Si ndivyo kadi ilivyotaka? Naona aibu.

ONDINA: Ndivyo. Nikakuuliza tangu lini. Ukasema, "Three months." Darasa zima likaangua kicheko, aibu gani hiyo ya miezi mitatu. Na mimi nikakusahihisha. Nikasema umesahau "for".

HEYSEL: Na wewe ulicheka.

ONDINA: Nilicheka. Kipindi cha saba, wanafunzi arobaini na sita, kichwa kinagonga. Leo ndipo nimeona nilivyoandika kwa wino mwekundu, "amesahau for", nikachukua simu. Miaka kumi na tisa nalikataza kosa hilohilo. Hiyo "embarrassed" ni kuona aibu, msiichanganye na embarazada ya Kihispania chetu, msije mkawaambia watu mna mimba.

HEYSEL: Ndiyo maana nikalisema makusudi. Nilijua wengine watacheka. Ila wewe ungesikia.

ONDINA: Sikusikia. Nisamehe, mwanangu.

HEYSEL: Yameshapita.

ONDINA: Yamepita wapi? Si miezi imekaribia minne sasa?

HEYSEL: Imekaribia. Jumatatu naondoka, naenda Tegucigalpa kwa binamu yangu. Kanitafutia kazi za ndani. Mama nitamwandikia nikiwa hukohuko.

ONDINA: Na shule? Umebakiza miezi miwili tu um—

HEYSEL: Sare haifungiki tena kiunoni, mwalimu.

ONDINA: Sare tutaifumua, ni uzi tu. Mkuu wa shule niachie mimi. Na huyo kijana?

HEYSEL: Yupo. Yaani, hayupo.

ONDINA: Basi tumwache hukohuko. Mwambie mama yako.

HEYSEL: Nimejaribu mara kumi. Nafungua mdomo, najikuta namwambia unga umeisha.

ONDINA: Nitakuja Jumamosi.

HEYSEL: Utamwambia wewe?

ONDINA: Utasema mwenyewe, una miaka kumi na tisa. Mimi nitakaa kando yako. Akirusha sufuria, itupate wote wawili.

HEYSEL: (anacheka, kisha analia)

ONDINA: Lia tu. Lia, nipo.

HEYSEL: Naogopa, mwalimu. Akinifukuza sina pa kwenda.

ONDINA: Kwangu kuna kitanda. Hakina godoro la maana, lakini kipo. (mlio) Eh, salio linaniishia hili. Jumamosi asubuhi, sawa?

HEYSEL: Njoo leo.

ONDINA: Leo? Nina madaftari ya madarasa matatu hapa, na tangu alfajiri sijaketi, miguu yenyewe—

HEYSEL: Mama anarudi saa kumi na moja. Leo nimeshalia, naweza kusema. Nikilala nikiamka, nitameza maneno tena.

ONDINA: (mikwaruzo) ...mtaa wenu ni ule wa nyuma ya duka la dawa?

HEYSEL: Huohuo. Mlango wa pili. Mwalimu, unakuja kweli?

ONDINA: Ngoja nivae viatu, na— (simu inakatika)