Theluthi Mbili ya Wajumbe Wote: Historia ya Mwalimu Filemoni Kalinga, 1911–1957

Ndugu waombolezaji, usiku wa kuamkia leo wengi wenu mlisikia lori likipanda kilima chetu kwa gia ya kwanza, likanyamaza hapo nje, mkasema mbao za jeneza zimefika, na kweli mbao zilikuwamo, lakini hazikuja peke yake, nitafika huko, naomba mnivumilie. Mimi ni Tekla, binti wa kwanza wa marehemu, na Baba mdogo Ambrosi amenipa kazi hii kwa sababu nilifika darasa la kumi, akaniambia, "Soma kwa kifupi, mwanangu, mambo ya chama yaache," nami tangu alfajiri nimejaribu kuyaacha, ila kila nikiyatoa naona ninayemsoma siye baba yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1911 hapa hapa Kilolo, mtoto wa tatu wa mzee Kalinga, akabatizwa katika misheni ya Tosamaganga, akasoma huko tangu 1921 hadi 1929, akafuzu ualimu mwaka 1931, na wengi mliokaa hapa mlipigwa rula naye kwa kukosa hesabu za sehemu. Tarehe 14 Julai 1934 alifunga ndoa na mama yetu Apolonia, wakajaliwa watoto watano, wawili wakatangulia, tumebaki mimi, Evarista na Paskalina.

Mwaka 1942 aliingia Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma, akaumia kifua mwaka 1944, akalazwa miezi mitano katika hospitali ya jeshi huko India, na hapo alipata rafiki, mwuguzi mmoja Mhindi, na vita vilipokwisha waliendelea kuandikiana. Mwaka 1950 rafiki huyo alimtumia kitabu cha katiba mpya ya nchi yake, baba akakisoma kwa taa ya chemli mpaka jalada likatoka, na ukurasa aliourudia kuliko yote ni ule unaoeleza jinsi bunge linavyoweza kumwondoa rais madarakani.

Wakulima wa pareto kutoka Kilolo mpaka milima ya Mporoto kule Mbeya walipounda chama chao, tarehe 9 Septemba 1951, walimchagua Bwana Yotamu kuwa rais, baba akawa katibu, akaambiwa aandike katiba, na ukurasa ule akauhamisha. Mnakumbuka alivyowachorea ubaoni, kwamba kule India robo ya wabunge wa baraza moja wanatia sahihi mashtaka, wanatoa notisi ya siku kumi na nne, na mashtaka hayaendi mbele mpaka theluthi mbili ya wabunge wote wa baraza hilo wakubali, kisha baraza la pili linachunguza, rais anakuja kujitetea mwenyewe au kwa msemaji wake, na huko nako theluthi mbili ya wote wakisema amekosa, ameondoka siku hiyo hiyo. Alisema kumwondoa si kumfunga, mtu anarudi shambani kwake kama mkulima mwingine, na kama kuna jinai, hiyo ni kazi ya mahakama. Kwetu baraza ni moja tu, wajumbe thelathini na sita, kwa hiyo aliandika wajumbe tisa watie sahihi, majina yao yabaki kwa katibu mpaka siku ya kikao, na rais aondoke kwa kura ishirini na nne.

Ni neno "wote" ndilo lililomla. Mzee Timotheo, aliyekuwa akiiandika naye katiba hiyo, alimwambia, "Mwalimu, wabunge wa India wanalala mji mmoja, wetu wa Mporoto anasafiri siku mbili, andika waliohudhuria," na baba akajibu, "Mtu aliyewekwa na wote asitolewe na wachache waliowahi kufika," na jibu hilo lilikuwa zuri, nilikuwapo nikapiga makofi, sikujua tunajifungia mlango kwa nje.

Mwaka 1955 ilitakiwa tuchague rais mpya, uchaguzi haukuitishwa, na vijiji vilivyouliza kwa nini, lori halikufika kuchukua maua yao, pareto ikaota ukungu kwenye vikaushio, mnajua ni vijiji gani, wengine mmeketi hapa. Tisa wakatia sahihi, kikao kikaitwa tarehe 12 Machi 1956, na siku mbili kabla akafariki mama mkwe wa mjumbe mmoja kule Uyole, Bwana Rais akatoa lori la chama bure liwapeleke wajumbe kuzika, na nani atakataa kwenda kuzika, wakabaki kumi na tisa, kikao kikavunjika. Oktoba wakaitana tena, akafariki katekista mzee, lori likatolewa tena, wakabaki ishirini na mmoja. Aliyekuwa kwenye usukani ni Silvester, mume wangu, kwa maana ndiyo kazi inayotulisha, na jioni alikuwa akikaa jikoni kwangu bila kunitazama.

Tarehe 20 Mei mwaka huu walifika ishirini na watatu, na wote ishirini na watatu walipiga kura ya kumwondoa, hakuna hata mmoja aliyekataa, na rais akabaki, kwa sababu yule wa ishirini na nne alikuwa ameshika jembe kaburini kwa binamu wa jirani yake. Bwana Rais alisimama akacheka kwa upole, akasema, "Hesabu ni ya Mwalimu, si yangu," na baba alirudi nyumbani akalala na viatu.

Kifua kilirudi Juni, alilazwa Tosamaganga tarehe 27 Julai, nami nikakaa naye pamoja na mtoto. Wagonjwa hutembelewa, hakuna anayeuliza, basi wajumbe walikuja mmoja mmoja, huyu na mayai, huyu na uji, wakaketi ukingoni mwa kitanda, na kila mmoja alipoondoka daftari la baba lilikuwa na sahihi moja zaidi, mpaka zikawa tisa. Notisi ilipelekwa tarehe 6 Agosti, kikao kikapangwa Iringa mjini, tarehe 21 Agosti, saa tisa mchana. Juzi Jumatatu tarehe 19, saa tano asubuhi, baba alifariki. Leo ni tarehe 21.

Sasa lile lori. Usiku Bwana Rais mwenyewe alishuka, akatoa pole, akatoa mbao na sukari, tunamshukuru, kisha akaniita pembeni, akasema, "Binti yangu, lile daftari la marehemu ni mali ya chama, nipe, usije ukamponza mumeo," na Silvester alikuwa pale pale anafuta kioo kilichokuwa kisafi. Nilijibu sijui liliko. Mbele ya jeneza nakiri nilijua, lilikuwa ndani ya mbeleko, mtoto alilikalia. Asubuhi, kabla ya kufunga mfuniko, nililiweka chini ya mikono ya baba, anayelitaka amwombe yeye.

Kwa niaba ya familia nawashukuru masista na daktari wa Tosamaganga, majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu ya Agosti, walimu wenzake, na Mzee Timotheo aliyekesha nasi. Nawashukuru wajumbe wa baraza, niliwahesabu mlipokuwa mnaingia kama alivyonifundisha kuhesabu, nikarudia mara ya pili, mmetimia thelathini na sita, na wa Mporoto wapo, mara ya kwanza tangu 1951, na imebidi afe yeye ndipo mtimie. Bwana Rais naye yupo, na baba angependa nikumbushe kwamba ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho.

Tutazika saa sita. Lori lipo hapo chini, ni lile lile lililokuwa likiwatoa kikaoni kuwapeleka msibani, na dereva ameniambia leo asubuhi, kwa kinywa chake, kwamba lina mafuta ya kufika Iringa kabla ya saa tisa, na kwamba atapakia yeyote atakayepanda.

Wale tisa mnajijua. Mkisimama kikaoni, mtakuwa mmesimama wenyewe. Nawe baba, lala, umechoka kuhesabu, watu wako wametimia, na majina uliyoniachia kichwani sitamwambia mtu mwingine yeyote.