Chupa ya Majivu Juani

Ndani ya basi la kwenda mji wa Tiruppur, mzee Palanichamy aliikodolea macho chupa iliyopakatwa na binti aliyeketi kando yake.

"Maji ya mto wetu, baba," binti akasema. "Hizo punje zinazoelea ni majivu ya kiwanda cha umeme. Nimezipaka dawa nyeupe, nikazichoma tanuruni. Zikipigwa na jua zinakula rangi ya viwanda vya nguo. Jana maji haya yalikuwa mekundu."

Sasa yalikuwa meupe kama ya dafu.

"Hayo mekundu ndiyo yaliyomuua mke wangu. Unampelekea nani?"

"Wakubwa wa wilaya. Leo watakubali tu kuusafisha mto."

"Watakusifu, kisha wataifungia kabatini. Humo kuna jua?"

"Sitaiachia, baba. Nitakaa nayo mlangoni pao."

Basi likasimama karibu na ofisi za wilaya. Palanichamy, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akashuka naye.

"Lete niishike mie. Huku upande wangu ndiko kwenye jua."