"Msizime, Nakuja": Maisha ya Valerian Didas Chilumba, 1956–1997

Baba Paroko, mjomba Fakihi na wazee wote mliosafiri kutoka Masasi, majirani zetu wa Yombo Vituka, jamaa na marafiki, naitwa Fransis, ni binamu wa marehemu, mtoto wa shangazi yake, kwa hiyo ni mtani wake, na ndiyo sababu mnaniona nimesimama mbele ya jeneza nikiwa nimevaa kofia ya pama ambayo si yangu na wala hainienei. Familia imenituma niwasomee historia ya ndugu yetu, tena imeniagiza nianze kwa kuwaomba radhi, tuliwatangazia ibada ingeanza saa sita mchana, sasa ni saa nane kasoro, jua limewachoma, kina mama mmekaa kwenye mikeka mpaka miguu imekufa ganzi, na aliyetuchelewesha ni marehemu mwenyewe, ambaye alichelewa kila alikokwenda na hakuona sababu ya kubadilika leo. Tulikuwa chumbani tunamalizana na mchezo wa televisheni aliouacha wazi, ambao nyumba nzima ilishindwa kuuzima tangu siku alipopelekwa hospitali, nitafika huko, msinikimbize.

Marehemu Valerian Didas Chilumba alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1956, katika kijiji cha Lukuledi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Didas Chilumba na mama Anna, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mama yake alikuwa akitusimulia kwamba mkunga aliitwa Jumatatu, akakaa, akala, akalala, akaazima jembe akalima matuta mawili, ndipo mtoto akaona sasa inafaa kutokeza.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Lukuledi mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, na walimu wake walimsifu kwa utulivu, sifa ambayo sie ndugu zake tuliijua vizuri, mtu anayefumua redio ya kijiji wakati wazee wanasubiri taarifa ya habari lazima awe mtulivu sana. Mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam, akafikia Temeke kwa baba yake mdogo, akajifunza ufundi wa redio kwa fundi mmoja pale Tandika, na tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha redio, akafanya kazi hapo kwa uaminifu mpaka tarehe 30 Juni 1991, wafanyakazi walipopunguzwa, akahamishia ufundi wake wote kwenye baraza ya nyumba hii mliyoizunguka, ambako mpaka hapo alikuwa akitengeneza redio za watu nje ya saa za kazi.

Sasa nije kwenye jambo lililotumalizia subira zetu. Mwaka 1988, enzi za ruksa, vitu vya nje vimeanza kuonekana mitaani, kuna familia moja ya wageni aliyokuwa akiwatengenezea redio ilifunga virago kurudi kwao, ikamwachia kwa shukrani mashine ya michezo ya televisheni, imekufa, ina vijiti viwili vya kuchezea na kaseti tatu, moja ya tenisi, moja ya vifaru na moja ya vyombo vya anga. Bara wakati ule hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, mwenye televisheni aliangalia kanda za video, au alinasa Zanzibar siku hewa ikikubali, kwa hiyo mtu mwenye akili zake angeiweka mashine ile stoo, lakini Valerian aliikalia miezi saba, akakata mpira wa ndala kuukuu akauweka chini ya vitufe vilivyolegea, akaunganisha televisheni ndogo nyeusi-nyeupe inayokubali betri ya gari, na siku ilipowaka mtaa mzima ulikuja kuangalia vijiti viwili vyeupe vinapigiana nukta. Nilimuuliza, binamu, hiki ni nini? Akanijibu, huoni, ule ni mpira. Nikamwambia mie naona nukta. Akaniambia, wewe kazi yako ni kuigiza jukwaani, unashika fagio unasema ni bunduki na watu wanakuamini, leo nukta inakushinda?

Tangu siku hiyo ukimwita Valerian chakula kipo mezani, anakujibu bila kugeuka, nakuja. Paa linavuja, nakuja. Mwenye redio yake amesimama mlangoni tangu asubuhi, nakuja. Sijawahi kuona mtu anayekuja hivyo na hafiki.

Kwa jibu hilo hilo ndipo alipompata mke. Tarehe 12 Mei 1990 Bernadeta, huyu aliyekaa hapa mbele yenu, aliingia barazani kudai redio ya mama yake, iliyokuwa kwa fundi tangu Pasaka, akasema, fundi, nimefuata redio, akajibiwa, nakuja dada yangu, keti, akaketi. Alipochoka kuketi aliokota kijiti cha pili, hajawahi kukishika maishani mwake, akauliza hiki kinafanya nini, kabla hajajibiwa kifaru chake kikakilipua kifaru cha Valerian, na cha pili, na cha tatu, mpaka mchezo ukafungwa, akasema, haya, umeshamaliza, nipe redio. Marehemu alisimama siku ile, mashahidi wapo, akaitengeneza redio pale pale, na tarehe 20 Aprili 1991 walifunga ndoa katika parokia yetu, bwana harusi akiwa amechelewa saa nzima, na nyote mnajua alikuwa wapi na anasema nini.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Anna aliyezaliwa tarehe 8 Julai 1992, na Didas aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1994. Ila jambo moja halikuwahi kupoa ndani ya ndoa hiyo, marehemu hakukubali hata siku moja kwamba Bernadeta alimfunga, alisema siku ile kijiti chake kilikuwa na vumbi, na baada ya hapo hakumpa mwanya tena, kila Jumapili wakitoka kanisani wanakaa, kila Jumapili mke anafungwa, na mume anazunguka mtaani kutangaza kama kashinda uchaguzi. Nilimshauri kwa nia njema, mwachie mara moja, ni mkeo, ndiye anayekupikia. Akaniambia, Fransis, nikimwachia atajua, na akijua hataketi tena.

Mwaka 1995 Bakari, jirani yetu, alifungua chumba chake cha michezo pale kona, akaleta mashine mpya za rangi, wapiganaji wanarusha moto mikononi, magari yanalia kama magari, na watu wote waliokuwa wakijaa baraza ya Valerian walihamia kule kwa siku moja. Bakari, usiinamishe kichwa, hukufanya kosa, ila wewe na mie ndio tunaojua ulichokipata. Marehemu alikuwa anakwenda kusimama kwenye mlango wa mwenzake, mikono nyuma, anahubiri, michezo gani hii inayokuchorea kila kitu mpaka kucha, inakuachia wewe uwaze nini, zamani nukta moja ilikuwa mpira, ilikuwa risasi, ilikuwa nyota, wewe ndiye uliyeamua. Bakari anamwambia, mzee, ingia ndani ucheze au ondoka mlangoni, unanizibia hewa. Anajibu, siingii, ninaongea na vijana. Na vijana hawamsikilizi, masikio yote yako kwenye magari. Mwaka huo huo televisheni zikawa zimeanza kurusha matangazo hapa mjini, majirani wakaja kwa heshima kuomba kuangalia taarifa ya habari kwenye seti yake, akawaambia hii si ya habari. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Nakuja kwenye ugonjwa. Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Machi mwaka huu, akawa anatibiwa na kurudi nyumbani, na mchana wa Jumapili tarehe 21 Septemba 1997, wakiwa katikati ya mchezo wa vyombo vya anga, alizidiwa. Mchezo ule ni wa zamu, unacheza mpaka chombo chako kilipuliwe, ndipo mwenzako anacheza, na zamu yako ikifika chombo hakiruki mpaka ubonyeze kitufe, usipobonyeza mashine inakungoja hata mwaka, lakini ukiizima haikumbuki chochote, pointi zote zinapotea. Wote wawili walikuwa wamebakiwa na chombo kimoja kimoja, zamu ni ya Valerian, pointi anamzidi mkewe, na sie tumembeba tunampeleka kwenye gari, rangi imemtoka, jasho linamtiririka, yeye anageuza shingo kuelekea mlangoni anasema, msizime, nakuja.

Na hatukuzima. Jamani, mgao wa umeme huu wa mwaka huu mnaujua, unakuja unapojisikia, basi watu wazima wenye familia zao walikuwa wanabeba betri za gari kwenda kuchajisha na kurudi, ya pili inaunganishwa kabla ya kwanza kuchomolewa, kwa ajili ya chombo cha anga kilichosimama. Anayebeba sana ni Bakari, ambaye kwake mashine zake mwenyewe zimelala giza, nikamwambia Bakari una wazimu, akasema, mzee akirudi akute imezimika, nitahama Yombo. Kila jioni Bernadeta akitoka hospitali, marehemu haulizi watoto, haulizi madeni ya watu ya redio, anauliza, bado inawaka? Anaambiwa inawaka. Anasema, vizuri, nitakufunga. Valerian alifariki dunia siku ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1997, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Msiba ukawekwa hapa nyumbani, wazee wakafika, wakakuta kwenye nyumba ya matanga, ambamo hata redio imefunikwa, televisheni inawaka. Baba mdogo akasema izimwe mara moja. Bernadeta akakaa mbele yake, akasema, anayezima aanze na mie. Wazee wakadhani ni uchungu, wakaleta kina mama wamtulize, akawaambia, mimi sina wazimu, shangazi, miaka saba huyu mwanamume ananitangaza mtaani, mchezo huu nilikuwa namkaribia, siwezi kumzika mtu ambaye sijamalizana naye. Wakamwambia basi cheza, umalize. Akasema, nitachezaje, zamu ni yake! Siku mbili hizo, ndugu zangu, padri anataka ratiba, kaburi limechimbwa, jeneza limefika, na ukoo mzima umekwama kwenye kitufe.

Aliyetukwamua ni mjomba Fakihi, mchana huu wa leo ametoka kwenye basi la Masasi, akaelezwa, akaomba chai, akasema mbona nyie wa mjini mmesahau vitu vyepesi, mtu akifa kwetu mtani huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, husema maneno yake, watu wanacheka, wanalia, basi mtani yuko wapi? Nilikuwa nyuma ya mlango. Wakanivika kofia hii, wakanikalisha kwenye kigoda cha marehemu, na mjomba akatoa amri, kwa leo wewe ni Valerian, cheza zamu yake. Niwakumbushe kwamba mimi ndiye mchezaji mbovu kuliko wote waliowahi kukanyaga baraza hii, marehemu alikuwa ananiita mapumziko, maana kucheza na mie kwake kulikuwa kupumzika, na kila mtu chumbani alikuwa ananiombea nife upesi, kanzu ya padri nikaiona mlangoni, ananyoosha shingo. Nikabonyeza. Nikasogea kushoto nikitaka kusogea kulia, nikakwepa moto nisioukusudia kuukwepa, na mpaka nilipolipuliwa nilikuwa nimemwongezea marehemu pointi, Bernadeta akanigeukia akaniambia, Fransis, hata leo?

Kisha zamu ikawa yake. Mama mmoja akamnong'oneza, mwanangu, mwachie ashinde, ni marehemu. Bernadeta hakutoa macho kwenye kioo, akajibu, yeye angeniachia? Jibu tulikuwa nalo sote. Akacheza, mie nimeigiza mbele ya watu wengi lakini sijaona watu wanabana pumzi namna ile, Bakari ameishika betri kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo jeneza, akamfikia, akampita, akaendelea kucheza wakati hakuna tena haja, polepole, anakwepa kila kitu, hataki kiishe, mpaka kikaisha. Akaizima mwenyewe kwa mkono wake. Sauti ile ya mashine tuliyoizoea ilipokatika ndipo aliposimama, akaliendea jeneza hili, lililokuwa bado ndani, akaweka mkono juu yake, akasema, nimekufunga, Baba Anna, na kijiti hakikuwa na vumbi. Hapo ndipo mliposikia kilio kikiinuka, kilikuwa cha kwanza kwake tangu Alhamisi, na mliokuwa nje mkadhani kuna jambo jipya limetokea.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, kaka mmoja, dada wawili, na redio kumi na moja za watu, wenyewe mnisubiri baada ya arobaini, msinifuate leo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo mpaka dakika ya mwisho, wakamvumilia mgonjwa anayewauliza kama wodini kuna umeme, nawashukuru wenzake wa kiwandani waliokuja wote ingawa kiwanda chenyewe hakipo, majirani mliobeba maji, kuni na betri, Baba Paroko kwa saa mbili za uvumilivu na kwa kutouliza swali hata moja pale mlangoni, na Bakari, ambaye leo amefunga chumba chake cha michezo bila kuombwa na mtu.

Valerian, kofia yako nairudisha juu ya jeneza, imenibana kichwa. Mchezo umekwisha, mashine imezimwa, mkeo amekushinda na ukoo mzima ni shahidi, kwa hiyo pumzika kwa amani, binamu, na safari hii usituambie unakuja, sie ndio tutakaokuja, mmoja mmoja, kwa zamu.