Chumba Namba Nne Hakina Mwisho

Kahawa yangu naiuzia ubavuni mwa nyumba ya wageni, mkabala na hospitali. Benchi ni moja, na wanaolikalia hawatulii: Wakili, ambaye mahakama ameiona kwa nje tu, na Redio, asiyezimika. Siku hiyo hata mjukuu wangu, karani wa mapokezi, alikuwa anaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kompyuta imekataa kumpa mgeni chumba namba nne, chumba pekee kilichobaki, na mgeni mwenyewe ni mama aliyekesha na mwanawe wodini, anataka tu pa kujinyoosha.

— Inakataa nini sasa? Redio akauliza.

— Kila mgeni ana kipindi chake, mjomba. Tangu siku fulani hadi siku fulani. Vipindi viwili vikipandana chumba kimoja, inagoma.

— Si vizuri? Wasije wakalala wawili wasiojuana.

— Vizuri. Ila yule mzee wa namba nne alisema hajui ataondoka lini. Nikaacha mwisho wazi. Kompyuta ikaelewa haondoki milele.

Wakili akatua kikombe.

— Basi chumba ni chake kisheria. Kitarithiwa na wajukuu.

— Si umwandikie mwisho jana, yaishe? nikasema.

— Bibi, kama bado yumo, nitakuwa nimemfukuza kwa maandishi. Na bosi atanifukuza mimi kwa mdomo.

— Mimi simwoni siku hizi, Redio akasema. Huyo ni mpelelezi. Wapelelezi hawana tarehe.

— Hakuna mzee hapo, Wakili akasema. Kompyuta imemzua, inataka pa kulala.

Mjukuu wangu akakaa, akasimama. Mara yule mama akatoka ndani na mzigo wake begani.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Nikikaa nitalala. Nauliza tu: mlipomgongea mlango, huyo mzee alisemaje?

Wakili akamtazama Redio. Redio akazimika. Mjukuu wangu alikuwa ameshafika koridoni. Tukamsikia anagonga, anagonga tena, kisha mlango ukalia ukifunguka. Akarudi na ufunguo.

— Ulikuwa juu ya mto. Kitanda kimetandikwa. Sasa niandike aliondoka lini?

— Andika leo, nikamwambia.

— Na mama naye anaanza leo. Hawatapandana?

Akajijibu mwenyewe, anakimbia: siku ya kuondoka kompyuta haiihesabu. Akaandika, ikakubali. Alipotoka kumwita mama aingie, mama alikuwa amelala benchini kwetu, kichwa juu ya mzigo, na Wakili amesimama ili miguu yake ipate nafasi.